Zilizopendwa na Nani?

Saa nane usiku, Raskazone, Tanga. Maharusi wameshaondoka, kamati inahesabu kreti za soda, na vijana wa ukumbi wanapandanisha viti vya plastiki. Sisi watano tumekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, upepo wa bahari unatupiga, tunasubiri kirikuu ije kuchukua spika. Majina ya wenzangu nayaacha, maana walisema kama watu wanavyosema usiku wakiwa wamechoka. Yupo Dijei, aliyesimama kwenye mashine zake tangu saa mbili. Yupo Mzee, aliyekuwa mpiga solo wa bendi za dansi miaka ya 1970, na leo kaja kama babu wa bwana harusi. Yupo Shangazi wa bibi harusi, bado ana sare yake ya kitenge, viatu kavishika mkononi. Na yupo Prodyuza, kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye studio ya chumba kimoja.

Mimi ndiye niliyelianzisha. Kuna jambo nililiona ukumbini likanikaa moyoni. Kuanzia saa tatu zilipigwa ngoma za wasanii wakubwa wa leo. Waliocheza walicheza, waliokuwa wanakula waliendelea kula. Ilipofika saa tano Dijei akaweka Sweet Mother ya Nico Mbarga. Magitaa hayajakolea, ukumbi mzima umeshasimama. Hata bibi mmoja aliyeingia ameshikwa mikono miwili aliomba ainuliwe. Nikajiuliza: katika watu wote hawa, wangapi wanaweza kutaja wimbo wa pili wa mtu huyu?

DIJEI: Labda wawili. Na mimi simo. Lakini kaka, hapo ndipo penyewe. Nikiweka wimbo wa msanii mkubwa, ukumbi unagawanyika kiitikio hakijafika. Wa Diamond wanapiga mayowe, wa Kiba wanarudi mezani kumalizia pilau. Sweet Mother haina timu. Sijawahi kuona watu wamenuniana kwa ajili ya Nico Mbarga. Upande wa mume na upande wa mke wanainuka pamoja, na mimi nikiwa kazini hicho ndicho ninachokitafuta usiku kucha.

PRODYUZA: Haina timu kwa sababu mwenyewe hamumjui. Mnacheza wimbo wa mtu asiye na uso. Msanii akitoa kibao kimoja akapotea, sisi tunasema kachuja. Sasa nyie mnataka niamini kwamba kuchuja ni sifa?

MZEE: Usiseme hatumjui, mwanangu. Mimi namjua. Mama yake Mnigeria, baba yake Mkameruni, bendi yake Rocafil Jazz. Wimbo ule alizunguka nao mlango kwa mlango. EMI waliukataa mwaka 1974, wakaona una utoto ndani yake. Mwaka uliofuata Decca nao wakaukataa. Walioupokea ni Rogers All Stars, kampuni ya pale Onitsha, wakautoa Desemba 1976. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 13. Na usikilize vizuri yale magitaa. Mwili wake ni hailaifu ya Nigeria, lakini solo inatembea Kikongo. Sisi hapa tulikuwa tunapiga rumba ya Kongo kila Jumamosi, kwa hiyo alipokuja alibisha hodi kwa mkono tunaoujua.

SHANGAZI: Na maneno, kaka? Kile ni Kiingereza chao cha sokoni, mimi nimeishia darasa la saba, na bado najua anamshukuru mama kwa kukesha. Nani asiye na mama?

Nikawakumbusha kwamba mwaka 2004 wasikilizaji wa BBC walipoombwa kuchagua wimbo waupendao kuliko zote Afrika, waliuchagua huohuo. Lakini niliongeza jambo jingine, kwa sababu neno la kijana lilikuwa limenichoma. Huyu tunayemwita mtu wa wimbo mmoja, ni mmoja kwa hesabu ya nani? Kwao Nigeria walimjua pia kwa Aki Special na nyingine. Vivyo hivyo Them Mushrooms wa Mombasa. Duniani wanajulikana kwa Jambo Bwana ya mwaka 1982, wimbo uliozaliwa kwenye hoteli za pwani kwa ajili ya wageni, ukasafiri na wageni hao hadi Boney M. wakauimba mwaka mmoja baadaye. Lakini muulize mtu yeyote wa Mombasa wa umri wa Shangazi, atakuimbia Embe Dodo na Nyambura bila kuombwa. Aliye mbali anaona kilele cha mnazi tu, akadhani mti hauna shina.

PRODYUZA: Sawa, hiyo naikubali. Na wale Wahispania wa Macarena je? Wale kweli ni wimbo mmoja.

Los del Río. Nawapenda watu wale wawili kwa sababu moja. Ni Antonio Romero na Rafael Ruiz, wenyeji wa Dos Hermanas, mji ulio jirani na Sevilla. Walianza kuimba pamoja miaka ya 1960, wakaimba kwenye harusi na sherehe kama hii yetu. Macarena waliitoa mwaka 1993, wakiwa tayari na umri wa kuitwa wazee wa kazi. Kisha vijana wa Miami, Bayside Boys, wakaichanganya upya, na mwaka 1996 ikakaa wiki 14 kileleni mwa chati ya Billboard kule Marekani. Dunia ikasema: hawa wamebahatika. Miaka 30 ya kuimba ikaitwa bahati.

MZEE: Miaka 30. Umesikia hiyo, kijana wangu?

Akanyamaza kidogo. Halafu yakatoka maneno ambayo nadhani alikuwa nayo tangu saa tano, tangu alipobaki kwenye kiti wakati wote wengine wamesimama.

MZEE: Mimi sikatai kwamba wimbo mmoja unapendwa. Nakataa kwamba ni zawadi kwa aliyeutunga. Nimetunga nyimbo 42, ninazo kwenye daftari nyumbani. Unaoimbwa ni mmoja. Niliutunga nina miaka 23. Nikialikwa mahali, hata salamu hazijaisha: Mzee, ule wetu. Nikiwapigia mwingine, nawaona mabega yanashuka. Wa simu anatoa simu, wa chooni anaenda chooni. Nikimaliza wanapiga makofi ya heshima, kisha: Mzee, sasa ule. Mkono wangu ulijifunza mengi baada ya wimbo ule. Nilijifunza kuacha nafasi kati ya noti na noti, kitu ambacho kijana wa miaka 23 hakijui kabisa. Hakuna aliyekisikia. Watu wananiomba kila siku niwe yule kijana, na yule kijana mimi mwenyewe nimeshamsahau.

Kwa muda hakuna aliyejibu. Ndani ya ukumbi kiti kilianguka.

SHANGAZI: Pole, kaka. Lakini na mimi nikwambie upande wa pili, upande wa aliyekaa jikoni na redio. Mwaka 2001 nilikuwa nampakata huyu bibi harusi wa leo, ana miezi minne, mama yake ana homa hospitali. Redio ilikuwa inapiga Maria Salome ya Saida Karoli asubuhi, mchana na jioni. Mimi Mdigo, Kihaya sijui hata neno. Nilijua tu pale anaposema habari ya kuchambua karanga. Lakini ile sauti, ngoma ikipiga chini yake, ndiyo iliyonisaidia kumbembeleza mtoto wa mwenzangu wiki tatu. Usiku huu ilipopigwa, mama wa bibi harusi alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale. Hatukusema kitu. Sasa wewe unasema yule kijana wa miaka 23 umemsahau. Sisi hatujamsahau. Kuna mtu mahali fulani anamtunza, kwa sababu siku aliyousikia wimbo wako ilikuwa siku yake.

MZEE: Anamtunza, lakini mimi hanioni.

SHANGAZI: Hilo nalo ni kweli.

DIJEI: Shangazi kasema jambo ambalo mimi naliona kazini. Msanii aliyetoa nyimbo miaka 20, sauti yake imekua pamoja na wewe. Umemsikia akiwa kijana, umemsikia akiwa tajiri, umesikia ugomvi wake kwenye magazeti. Wimbo wake wa mwaka 2005 ukiupiga leo, unakuja na mizigo yote hiyo. Lakini mtu aliyeimba mara moja, wimbo wake umebaki na mwaka wake. Nikiwa na harusi Mombasa na wakwe wametoka bara, naweka Uhiki ya Hardstone. Ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990, Kikuyu na Kiingereza juu ya mdundo wa Marvin Gaye. Naona watu wenye vitambi na funguo za magari wanarudi kuwa wanafunzi wa sekondari. Hilo hulipati kwa wimbo ambao msanii wake unamwona kila siku kwenye tangazo la simu.

PRODYUZA: Saida Karoli mimi nilimjua kinyumenyume. Nilianza na Salome ya Diamond na Rayvanny mwaka 2016. Nikasikia kile kipande, nikauliza kimetoka wapi, bibi yangu akacheka mpaka akakohoa. Ndipo nikaenda kuutafuta wa kwanza. Na niseme kweli, wa kwanza ulinishinda. Hauna biti nzito, hauna ujanja wa studio, lakini huwezi kuongeza kitu. Mimi kazi yangu ni kuongeza. Nilikaa nao siku nzima nikitafuta pa kuweka mkono, sikupaona.

Kijana akasogea karibu. Nikaona sasa hazungumzi tena kushindana.

PRODYUZA: Ndiyo maana mimi nadhani mnakosea mnapomtafuta msanii. Wimbo wa namna hiyo hauji kwa sababu mtu ni mkubwa. Unakuja. Angalia Mbube. Solomon Linda alikuwa mfanyakazi wa kawaida kwenye kampuni ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 kaingia studio na wenzake wa Evening Birds. Wakarekodi mara ya kwanza, mara ya pili. Ile ya tatu, karibu na mwisho, akaacha alichopanga, akapaza sauti nyembamba juu ya wenzake, akatoa melodi ambayo haikuwa imeandikwa popote. Sekunde chache. Ile ndiyo iliyochukuliwa na The Weavers kule Marekani, ndiyo iliyoshika chati mwaka 1961 kwa sauti za The Tokens, ndiyo iliyoingia kwenye filamu ya The Lion King mwaka 1994. Angeondoka studio baada ya mara ya pili, dunia isingekuwa nayo. Mtu anaweza kukaa maisha yake yote asiitwe tena na kitu kama kile, na asiwe amepungukiwa.

MZEE: Alilipwa nini?

PRODYUZA: Shilingi kumi.

MZEE: Endelea.

PRODYUZA: Alifariki mwaka 1962, fukara. Mabinti zake walikuwa wakiishi Soweto wakati wimbo wa baba yao unaimbwa kwenye kila sinema ya dunia. Familia ilidai, na makubaliano ya malipo yalifikiwa mwaka 2006.

MZEE: Miaka 44 baada ya kuzikwa. Sasa unaona kwa nini mimi siwezi kusema tu kwamba wimbo unakuja wenyewe? Maneno hayo ni matamu, lakini ndiyo yanayotumika kumnyang'anya mtu. Wimbo unakuja wenyewe, basi ni wa wote. Ukiwa wa wote, nani amlipe nani? Sisi tulipanda basi kwenda Nairobi kurekodi, maana mashine za kutengeneza santuri zilikuwa kule. Kampuni moja ikatupa posho ya safari na chakula. Santuri ilipotoka, iliandikwa jina la bendi. Langu halimo. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa watu wananunua bendi, hawanunui mtu. Leo ikipigwa redioni, mtangazaji anataja bendi, na bendi yenyewe ilikufa zamani. Sheria ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, ikaja COSOTA, chama cha kusimamia haki hizo. Nikaambiwa nilete ushahidi kwamba wimbo ni wangu. Ushahidi wangu ni vidole hivi.

Malaika nayo ilitajwa, kama ambavyo lazima itajwe Waswahili wakizungumza mambo haya. Tumeiimba wote, ameiimba Miriam Makeba, ameiimba Angélique Kidjo, na hadi leo ukiuliza mtunzi ni nani unazua ubishi. Wapo wa Fadhili William, aliyeirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambaye kwa wengi ni mtu wa wimbo huo tu. Wapo wa Adam Salim, anayesemwa aliitunga kabla. Ubishi huo haujawahi kumzuia mtu kuuimba. Wimbo unaomlilia mtu asiye na mali ya kuolea umewashibisha watu wengi, na hawakuwa wote wale waliostahili.

Hapo ndipo lilinijia neno ambalo tunalitumia kila siku bila kulitazama. Nyimbo za namna hii, lugha yetu imezipa jina: zilizopendwa. Redio zina vipindi vya zilizopendwa, Kenya ni jina la aina nzima ya muziki. Nikawaambia wenzangu: tazameni jinsi lilivyoundwa. Halisemi nyimbo za zamani, wala nyimbo kubwa, wala nyimbo za mabingwa. Linasema kuna nyimbo, na zilipendwa, basi. Lugha haikumuuliza mtunzi alitoa ngapi. Mwenye moja na mwenye mia wanaingia kwa mlango uleule, kwa sababu wamependewa kitu walichotoa. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali langu la saa tano. Kwa mioyo yetu hakuna kitu kinachoitwa msanii wa wimbo mmoja. Hesabu hiyo ni ya wenye kuuza.

Nilidhani nimesema jambo la kumfariji Mzee. Alinitazama muda.

MZEE: Wewe ni mwandishi, kwa hiyo tusemezane sarufi. Zilizopendwa. Aliyependa hayumo katika neno hilo. Aliyetunga hayumo pia. Zimebaki nyimbo peke yake, kama watoto waliookotwa. Unasema lugha imenifungulia mlango. Mimi naona imenifuta.

Sikuwa na jibu, na hata sasa ninapoandika sina jibu linalonitosha. Nilikuwa nimeona nusu moja ya neno, yeye ameishi katika nusu ya pili.

DIJEI: Mzee, na mimi nina hatia hapo. Miaka kumi na mbili napiga ule wa bendi yenu, nasema kwenye kipaza sauti: na sasa zilizopendwa! Sijawahi kutaja mtu.

PRODYUZA: Siku hizi ni hivyohivyo, ila kwa kasi zaidi. Kipande cha sekunde kumi na tano kinazunguka kwenye simu, watu wanakichezea, jina la aliyekiimba halijulikani. Jerusalema ya Master KG ilitoka 2019. Mwaka 2020 wachezaji wa Angola wakarekodi wanaicheza na sahani za chakula mkononi, dunia nzima ikafungiwa ndani ikiicheza. Waliocheza ni mamilioni. Waulize sauti ile ya kike ni ya nani. Ni Nomcebo Zikode. Wangapi watakwambia?

SHANGAZI: Mimi sikujua. Na nimeicheza.

DIJEI: Lakini nitaendelea kuzipiga, Mzee. Sikudanganyi. Nikiziacha nyimbo za watu wa wimbo mmoja, harusi zangu zitakuwa na muziki ila hazitakuwa na ndugu.

MZEE: Zipige. Nani kakwambia uache? Nilibaki kwenye kiti kwa sababu ya magoti.

Taa za ukumbi zikazimwa upande mmoja. Kirikuu ilikuwa bado haijafika; dereva alipiga simu kusema yuko kwenye mzunguko, na dereva akisema hivyo maana yake hajatoka nyumbani. Shangazi akavaa viatu, akavivua tena. Halafu akauliza swali ambalo mimi, mtu wa kuuliza kwa kazi, sikuwa nimelifikiria.

SHANGAZI: Kaka, santuri ina pande mbili. Ule wenu ulikuwa upande wa kwanza. Upande wa pili kulikuwa na nini?

Mzee akageuza uso kumtazama. Alisema kwamba tangu siku walipopokea ile santuri, ni mara ya kwanza kuulizwa. Upande wa pili kulikuwa na wimbo wake mwingine, ameutunga kwa ajili ya mama yake mkubwa wa Pangani aliyemnunulia gitaa la kwanza. Hakuna redio iliyowahi kuugeuza upande ule. Hajaupiga mbele ya watu karibu miaka 30, lakini vidole vinaujua.

Prodyuza alikuwa ameshasimama. Ndani, kando ya spika zilizofungwa, kulikuwa na gitaa la bwana harusi aliyeimba wimbo mmoja mapema jioni ile. Akalileta, akampa Mzee kwa mikono miwili. Akaweka simu yake juu ya ngazi, akaifunika kwa kitambaa kuzuia upepo, akawasha kurekodi. Mzee akakaza uzi mmoja, akalegeza mwingine, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita. Kisha akaulaza mkono wake juu yazo, sauti ikakatika.

MZEE: Subiri. Kwanza andika jina.

Akalitaja polepole, la kwake, la baba yake na la babu yake, na pale Prodyuza alipokosea herufi alimsimamisha, akalirudia mpaka likakaa sawa.